Gari la Kiingereza Tuliloliita Kitanda

Nimeacha kazi mwezi huu kwa sababu mgongo umekataa kuinama chini ya magari ya watu. Vijana wanaobaki garajini wameniomba niwaandikie yale niliyoyaona. Nadhani wanataka hadithi za kuchekesha. Ziko, na nitazitia hapa na pale. Lakini kazi yangu yote, nikiitazama sasa, ina gari moja katikati yake, na gari hilo halikuleta kicheko kwa muda mrefu. Vyeo na mishahara nitaviacha. Cheo changu kilikuwa fundi nilipoingia, na kilikuwa fundi nilipotoka.

Niliingia garaje yetu ya Nyakasanza, mtaa wa Bunia, katikati ya miaka ya sabini, nikitoka Mahagi, ambako nilikuwa natengeneza baiskeli na kujidanganya kwamba najua chuma. Garaje hiyo ilikuwa mali ya Mgiriki mmoja. Serikali ilipowanyang'anya wageni biashara zao, garaje alipewa raia mmoja mnunuzi wa kahawa ambaye mji mzima ulimwita Patron Vitesi, yaani bosi wa mwendo kasi, kwa namna alivyoendesha. Mgiriki aliondoka na sanduku moja. Vyombo vyake vilibaki ukutani, kila kimoja mahali pake, na umbo lake limechorwa kwa rangi nyeupe nyuma yake. Mkubwa wa mafundi, Muzee Lobho, hakuruhusu mtu afute michoro ile.

Lobho alikuwa amefundishwa katika atelie, yaani karakana, ya machimbo ya dhahabu kule Kilo, wakati wa Wabelgiji. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nilikotoka. Alinipa tupa na kipande cha chuma, akasema, "Fanya hii pembe ine, ikae sawasawa." Nilipiga tupa hadi jioni. Alikitazama kipande changu kwenye mwanga wa dirisha, akakitupa ndani ya debe, akanipa kingine. Niliishi na vipande hivyo mpaka viganja vikawa kama ngozi ya kisigino. Siku aliponiambia kitu, alisema tu, "Sasa unaweza kushika gari ya mutu." Alikuwa akisikiliza motere, yaani injini, kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Hasira zake zilikuwa za Kifaransa tu. Kwa Kiswahili hakumtukana mtu hata mara moja.

Kisha likaja gari.

Lilifika juu ya lori kutoka Mombasa, kwa njia ya Kampala na Mahagi, ndani ya kasha la mbao lenye vumbi la nchi tatu. Tulipong'oa mbao tukaona kitu cha bluu, chembamba, kirefu, kilicholala chini kiasi kwamba paa lake lilifika kiunoni pangu. Milango ilifunguka kwenda juu. Ili uingie ilibidi ukae kwanza pembeni, uinue miguu, kisha ulale chali. Mke wa shofere wa lori alitazama akasema, "Hii si gari, hii ni kitanda." Basi jina likashika. Jina lake la Kiingereza lilikuwa limeandikwa nyuma kwa herufi za fedha, lakini Bunia hakuna aliyelitumia.

Pamoja na kasha alikuja Mwingereza mmoja, Mista Leni, mtu mfupi mwenye mikono mipana kuliko uso wake. Alikuwa askari Kenya ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha wapishi, lakini alikitumia kwa upole. Tulimwuliza kama yeye ndiye muuzaji. Akapiga kifua cha gari kwa kiganja.

"Hapana uza," akasema. "Mimi napiga hii. Mulango, pua, matako yote. Kwa mukono yangu."

Wakati wa chakula alitueleza lilivyozaliwa. Ndugu wawili waliokuwa wakiendesha magari ya mashindano walitaka kutengeneza gari la barabarani litakaloyapita yote. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na banda la zamani la ng'ombe, mafundi wachache, na uwanja wa ndege wa vita ulioachwa ambako walifanyia majaribio. Mifupa ya gari waliichomea kwa mabomba membamba. Ngozi yake ilikuwa ya aluminium, kila kipande kimepigwa kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga. Motere ya silinda nane waliinunua kwa Waamerika, kwa sababu kubuni motere yao wenyewe kungewamaliza kabla ya kuanza. La kwanza liliungua. La pili liliacha barabara ya majaribio likaingia ukutani, na ndugu mdogo alikuwa ndani.

"Akapona?" Lobho akauliza.

"Hapana."

"Na mukubwa aliendelea?"

Mista Leni alikata mhogo mwingine. "Akaendelea," akasema. "Akasema, sasa lazima."

Yalitengenezwa machache tu. Kila moja lilichukua miezi, na hakuna mlango uliofaa gari lingine, maana kila mlango ulipigwa ufuate mwili wake. Kisha bei ya esanse, yaani petroli, ikapanda ulimwenguni kote, matajiri wakaona haya kununua magari ya kunywa namna ile, na banda likafungwa. Hili la bluu ndilo lilikuwa la mwisho. Patron Vitesi alilisikia kwa wakala mmoja wa Mombasa, na kwa kuwa lilikuwa la mwisho alilitaka. Mista Leni hakuwa na kazi tena, akalifuata kama mtu anayesindikiza binti yake kwa mume asiyemjua.

Alikaa nasi msimu mmoja wa mvua. Mwalimu wangu wa pili alikuwa yeye. Alinifundisha jambo ambalo nimewafundisha baadhi yenu: aluminium haibadiliki rangi ikipata moto, inakaa kimya mpaka inamwagika ghafla kama uji. Kwa hiyo unaipaka sabuni ya kufulia, unapitisha moto polepole, na sabuni ikigeuka kahawia unaondoa moto mara moja. Hapo bati limelainika, unaweza kulipiga upendavyo. Lobho alifurahi sana na jambo hili. Alipiga mabakuli ya watoto wa mtaa mzima kwa mabaki ya bati. Wale wawili walielewana kwa namna ambayo sikuiona tena garajini, Lobho na bisibisi yake sikioni upande huu, Leni na mrija wa mpira sikioni upande ule, wakisawazisha karbirateri bila kusema neno.

Mista Leni alipoondoka alimpa Lobho nyundo yake ya mti. Hakumpa Patron mkono. Alimwambia mbele yetu, "Barabara yako itaua hii gari." Patron akacheka.

Kweli, hatukuwa na barabara yake. Kulikuwa na kipande cha lami katikati ya mji, na Patron alikipanda na kukishuka kila Jumapili baada ya misa. Mlio wake ulifika hadi ng'ambo ya mto. Watu walijipanga pembeni, na kwa kweli ulikuwa mlio wa kukusimamisha. Gari lilizidi kupata joto, esanse yetu chafu iliziba karbirateri, na mawe yalitoboa tumbo lake. Siku moja aliamua kuliteremsha Kasenyi, ziwani, ili wavuvi nao walione. Aliishia bonde la kwanza la mteremko. Tulikwenda kulichukua kwa lori, tukalikuta breki zake bado zikitoa moshi, na Patron amekaa juu ya jiwe anakula ndizi kama mtu aliyepanga kupumzika hapohapo. Hiyo ndiyo mojawapo ya hadithi za kuchekesha nilizowaahidi. Sina nyingi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini biashara ya kahawa ilimwangukia. Depo yake ya kahawa ikafungwa, malori yakaondoka moja moja. Kitanda kiliwekwa juu ya magogo nyuma ya garaje. Wapigaji wa masufuria ya sokoni walikuja kwa Patron, naye akawauzia ngozi ya gari. Tuliambiwa tuing'oe. Lobho alikataa, akaenda kukaa nje. Niling'oa mimi. Waliyeyusha vipande vile kwenye moto wa makaa, wakavimwaga katika mchanga, na kwa miaka mingi Nyakasanza ilipika maharagwe ndani ya gari la Waingereza. Mlango mmoja ulibaki, ukafungia kuku wa jirani.

Motere haikuuzwa, maana hakuna aliyekuwa na gari la kuibeba. Lobho aliifunga kwa turubai, na kila mara aliizungusha kwa mkono ili isishike kutu ndani.

Kisha dhahabu ikafunguliwa kwa raia, na kila aliyekuwa amefilisika akageuza uso Kilo. Patron alipata mlima wenye galeri ya zamani ya Wabelgiji, shimo linaloingia ubavuni na kuteremka polepole. Lilikuwa limejaa maji. Pompe za kununua hazikupatikana, kwani Uganda ilikuwa katika vita na njia zimefungwa. Patron akaja garajini, akasimama mbele ya turubai.

"Ile motere inaweza kuvuta maji?" akauliza.

"Motere inaweza kuzungusha kitu yote," Lobho akajibu. "Lakini hii ni ya esanse, Patron. Moshi yake ni sumu. Itakaa inje."

"Itakaa inje."

"Hata maji ikishuka?"

"Muzee, nimesema inje."

Tuliipeleka. Tuliifunga juu ya mbao nene, tukaiunganisha na pompe ya zamani ya machimbo, tukaijengea kibanda mbele ya mdomo wa galeri. Lobho aliwakusanya wachimbaji akawaeleza mwenyewe hatari ya moshi, kwa Kiswahili na kwa Kilendu. Kati yao alikuwa mwanawe mkubwa, Ngabu, kijana aliyeoa karibuni ambaye garaje ilimshinda kwa kukosa subira. Motere ilipowaka ile mara ya kwanza mlimani, Ngabu aliruka akapiga makofi. Lobho alisikiliza kwa bisibisi, akaridhika. Maji yalianza kutoka mchana uleule, mekundu, yenye nguvu.

Sasa nieleze jambo la ufundi, kwa sababu ndilo lililoua. Pompe inaweza kusukuma maji mbali sana. Kuyavuta kutoka chini, haiwezi zaidi ya kimo cha watu wanne hivi, hata ukiifungia motere ya ndege. Maji yalipopungua galerini, yalishuka chini ya kimo hicho, na pompe ikaanza kumeza hewa. Dawa yake ilikuwa pompe ndogo za mkono kule ndani, zipandishe maji ngazi kwa ngazi. Tulimwambia Patron. Akasema hiyo ni kazi ya mwaka mzima.

Tulikuwa tukipanda Kilo kila baada ya siku kadhaa kuitunza motere. Asubuhi moja tulifika tukakuta kibanda kitupu. Mlio ulikuwepo, lakini ulitoka ndani ya mlima, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Kwenye mdomo wa galeri palikuwa na alama za magogo yaliyoburutwa, na bomba la moshi lililoungwa kwa mabati ya madumu, likivuja kila kiungo.

Lobho alimshika kapita, mkubwa wa wachimbaji, kwa shati.

"Nani aliingiza motere?"

"Patron alikuja jana. Alisema tuisukume ndani, ikaribie maji. Tulitia bomba, Muzee, angalia, bomba iko—"

"Watu iko ndani?"

"Ekipi ya asubuhi, watu saba."

"Ngabu?"

Kapita aliangalia mdomo wa galeri. Lobho alimwachia shati. Alivua lake, akalilowesha katika mfereji, akalifunga puani. Kitambaa chenye maji hakizuii moshi wa namna ile. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Alilifunga hata hivyo, nadhani kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu.

Nilimfuata. Akageuka, akanisukuma kifuani kwa viganja viwili.

"Weye baki. Motere ikinyamaza, ngojeni hewa iingie, ndiyo muingie na kamba. Kabla ya pale hapana. Umesikia, Udaga?"

"Tuingie wote, Muzee."

"Nani atawatoa sasa?"

Aliingia akikimbia, ameinama. Taa yake tuliiona hadi kona, kisha hatukuiona. Tulisikiliza mlio. Ulikuwa mzuri, ulionyooka, silinda zote nane zikifanya kazi yake, na sijawahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia ule mlio mzuri. Kisha ukakatika. Mlima ukawa kimya. Nikajua amefika.

Hakutoka.

Kungojea kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Tulishika turubai watu wanne, tukalipepea mdomoni mwa galeri kusukuma hewa. Nilitaka kuingia, na kapita mwenyewe, akilia, alinikalia miguu. Tulipoingia hatimaye, tumefungwa kamba, kichwa kilinigonga papo hapo kama nyundo. Lobho alikuwa ameketi, mgongo kwenye motere, waya wa moto ameung'oa na kuushika mkononi. Midomo yake ilikuwa myekundu, myekundu kuliko ya mtu mwenye afya. Nilidhani anapumua. Nilimwita jina mara nyingi kabla ya kuamini.

Mbele yake walikuwa wachimbaji, wengine wamelala juu ya majembe yao. Walikufa wanne, pamoja naye watano. Watatu waliokuwa chini kabisa, karibu na tundu la zamani la hewa, walikuwa bado hai, na Ngabu alikuwa mmoja wao. Dakitari wa misioni alituambia kwamba motere ingekwenda kidogo zaidi, wasingebaki hata hao.

Wawili walirudi katika hali yao. Ngabu hakurudi. Alitembea, alikula alipolishwa, lakini maneno yalimpotea, na majina, na njia ya choo. Mke wake alingoja hadi kiangazi, kisha wazazi wa mke huyo wakaja kumchukua binti yao. Mama Ngabu, mjane wa Lobho, alimrudisha mwanawe Nyakasanza, akawa anamkalisha ukutani juani kama alivyokuwa akimkalisha utotoni.

Patron alileta mbao za masanduku, sukari na vitenge vyeusi. Alilia msibani, na sidhani alikuwa anaigiza. Baada ya matanga aliniita niirudishe motere kazini, nje, kama ilivyopangwa mwanzo. Nilimwambia hapana, na lilikuwa neno fupi kuliko yote niliyowahi kumwambia. Hakupata fundi mwingine. Wachimbaji wenyewe walikataa kuingia mlima ule. Maji yalijaa tena, na motere, tuliyokwisha kuiburuta nje na kuipaka grisi, ilibaki kibandani chini ya turubai. Patron alikwenda Kisangani kutafuta maisha, hatukusikia habari zake, na garaje ikapata mwenyewe mwingine. Hakuna aliyeshtakiwa.

Tangu hapo, mtu akileta motere yoyote ya kutengeneza, namwuliza kwanza itakaa wapi. Ninyi vijana mmenicheka kwa swali hilo. Endeleeni kucheka, lakini lisemeni.

Mwishoni mwa miaka ya themanini alikuja mzungu mwingine, mrefu, mpole, amevaa kofia. Alikuwa na picha za magari ya namna ile. Alisema siku hizi kule kwao yanatafutwa na watu wanaoyapenda kama watakatifu. Yote yanajulikana yaliko, isipokuwa la mwisho. Nilimwonyesha mifupa yake katika nyasi. Alipiga magoti akafuta kutu mpaka namba ikaonekana, na macho yake yakajaa machozi. Alinunua mlango wa banda la kuku. Masufuria aliyatazama tu. Mista Leni, alisema, alikwisha kufa. Alikufa akiulizia gari lake.

Tuliishusha motere kutoka Kilo kwa lori. Nilimweleza yote, mahali ilipokaa na waliokufa. Alisikiliza, kofia mkononi. "Pole sana," akasema. Kisha akauliza kama itawaka.

Turubai na grisi viliilinda. Nilifanya kazi juu yake mchana kutwa, nikaiweka uani juu ya magogo, pembeni mwa ukuta, chini ya anga wazi. Habari zilikuwa zimetembea mtaani. Mama Ngabu aliingia kwenye lango, amemshika mwanawe mkono, kwa kuwa hakuweza kumwacha peke yake.

"Udaga," akaniambia, "miaka yote Muzee aliongea juu ya hii kitu kama mutu anaongea juu ya mutoto. Mi sikuisikia hata siku moja kwa karibu. Niwashie."

"Mama, haifai."

"Niwashie, nijue kitu gani ilimuita."

Nikaiwasha. Ilikohoa, ikashika, ikanguruma. Mzungu alicheka kwa furaha kama mtoto, akaziba mdomo kwa aibu. Mama Ngabu alisimama ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Ndipo Ngabu alipomponyoka. Mtu ambaye hakuwa amesema neno lenye maana kwa miaka alikwenda mbio moja kwa moja hadi kwenye motere, akaanza kushika hewa mbele yake, pale ambapo mgongo wa mtu ungekuwa, na kuvuta kwa nguvu zake zote.

"Baba, simama!" akapiga kelele. "Baba, tutoke! Baba, simama!"

Hapo tukajua kwamba siku ile, kabla ya kurudi kwenye tundu la hewa, alimwona baba yake na kumvuta.

"Zima," Mama Ngabu akasema. "Udaga, zima."

Niling'oa waya. Uwanja ukanyamaza, na mama yake akamkumbatia kwa nyuma, lakini Ngabu aliendelea kuvuta.